KAZI YA BWANA NYAMA: NDOVU, SIMBA NA WAKULIMA WA NACHINGWEA NA RUANGWA



Kila zinaposikilizana redioni khabari za ndovu walioingia mashambani huko Lindi, suali moja huzuka katika mabaraza yetu: "Serikali ina askari, ina bunduki, ina magari, kwa nini wanyama hao hawauawi, mambo yakaisha?" Na mwengine huongeza: "Basi huyo Bwana Nyama analipwa mshahara kwa kazi gani?"

Masuali haya ni ya haki, na yanastahili jawabu lililo kamili. Kwa hivyo tumeona vyema kueleza katika kurasa hizi kazi ya maafisa na askari wa wanyamapori, na mfano tumeuchukua Nachingwea na Ruangwa, kwani huko ndiko kazi hiyo inakopimwa kila msimu wa mavuno. Sisi wenye mikarafuu hatuna ndovu, tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini tunajua maana ya kulima mwaka mzima na kuiona kazi yote ikipotea kwa usiku mmoja.

Kabla ya kuendelea, neno moja la lugha. Mnyama huyu ndugu zetu wa bara humwita tembo. Kwetu tembo ni kile anachokigema mgema, nacho hakitembei wala hakili mahindi. Kwa hivyo hapa tutamwita ndovu, kama walivyomwita wazee wetu.

NCHI YENYEWE

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania Bara. Wazee wanaikumbuka Nachingwea kwa khabari za karanga. Baina ya 1947 na 1951 Waingereza walifyeka mapori kwa matrekta huko, na Kongwa na Urambo vile vile, wakitaka karanga za kutengeneza mafuta. Mpango wote ukaanguka kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea ikafungwa 1962. Mashine zikaondoka, mkulima wa jembe la mkono akabaki. Leo wenyeji, wengi wao Wamwera, hulima korosho, ufuta, mbaazi, mahindi, mtama na muhogo.

Upande wa magharibi, ukishaipita Liwale, unakutana na pori kubwa ambalo zamani lote liliitwa Selous. Mwaka 2019 sehemu yake yenye kilomita za mraba 30,893 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na iliyobaki ikaendelea kuwa Pori la Akiba la Selous. Ili mwanachama apate kipimo: Unguja na Pemba ukizichanganya hazifiki kilomita za mraba 2,700. Hifadhi hiyo peke yake inavimeza visiwa vyetu viwili zaidi ya mara kumi.

Pori hilo halina ukuta. Wataalamu wameiandika njia ya ndovu itokayo Selous, ikapita Liwale na Nachingwea mpaka mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule upande wa Masasi na Nanyumbu, kisha ikafika mto Ruvuma na nchi ya Niassa huko Msumbiji. Bonde la mto Mbwemkuru nalo lina maji na kivuli wakati wa kiangazi. Ndovu mmoja mzima hula kiasi cha kilo 150 za majani na matawi kwa siku, na hunywa maji kwa madumu. Akiwa safarini, akanusa mahindi mabichi, hajui kwamba hapa pana mwenyewe. Wala hali tu akenda zake; anachokikanyaga huwa kingi kuliko anachokila, na ghala la udongo hulivunja kwa kichwa.

KAZI ILIVYOANZA

Ulinzi wa wanyama kwa sheria katika nchi ile ulianza zamani. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuzuia uwindaji holela na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi, mojawapo katika nchi ya Rufiji. Baada ya miaka michache vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, ambavyo viliikumba nchi yote ile ya kusini. Watu wengi walikufa kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa iliyofuata, na pale palipokuwa na mashamba pori likarudi.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliunda Idara ya Wanyama, na mwaka 1922 pori lile likapewa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani hapo Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Mwaka 1933 akaingia kazini mtu ambaye habari zake zingali zikihadithiwa Liwale, C. J. P. Ionides, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa kuwa alikuwa akikamata nyoka kwa mikono yake. Katika miaka ya 1940, kwa sababu ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o, Serikali ya wakati huo iliwahamisha watu wengi, khasa Wangindo, kutoka vijiji vyao vya Liwale, na nchi waliyoiacha ikatiwa ndani ya Selous.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina maana mpaka leo. Mkulima akisema, "Babu zangu wamezikwa ndani ya pori hilo," huenda anasema kweli. Na Bwana Nyama akisema, "Ndovu walikuwa wakipita hapa kabla hujapanda mikorosho," naye anasema kweli. Mpaka baina ya shamba na pori umesogezwa mara nyingi, na si ndovu aliyeusogeza.

Wala visiwa vyetu havimo nje ya kisa hiki. Katika karne ya kumi na tisa pembe za ndovu wa nchi ile zilibebwa mpaka Kilwa na Lindi na kupakiwa majahazini kuja Unguja. Na kwa njia hizo hizo waliletwa watumwa ambao mikono yao ilipanda na kuchuma karafuu hapa. Kwa hivyo mambo ya kusini si mambo ya mbali kwetu.

ZAMANI BUNDUKI ILIKUWA NDIYO JAWABU

Katika siku za Ionides nusu ya kazi ya Bwana Nyama ilikuwa kupiga risasi. Askari wa nyama waliwekwa karibu na vijiji, na ndovu walipoingia katika mashamba waliwafuata na kuwaua. Pembe zilikuwa za Serikali, nyama ilikuwa ya wanakijiji. Katika Tanganyika nzima ndovu waliuawa kwa maelfu kwa njia hii katika miaka ya 1930 mpaka 1950. Wazee wa Nachingwea wanaosema kwamba zamani Serikali ilikuwa ikiwalinda zaidi, wanakumbuka jambo hili.

Kwa nini basi dasturi hiyo haikuendelea? Jawabu limo katika hesabu. Mwaka 1976 ndovu wa Selous na mapori yaliyoizunguka walikisiwa kuwa kiasi cha 109,000. Ukaja ujangili, kwanza ule wa miaka ya 1970 na 1980, ambao ulisababisha biashara ya pembe kupigwa marufuku duniani mwaka 1989. Kisha ule wa baada ya 2008. Walipohesabiwa mwaka 2013, walikutwa kiasi cha 13,000. Katika kila ndovu wanane, saba hawakuwapo tena. Selous, ambayo tangu 1982 imeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, mwaka 2014 ikatiwa katika orodha ya urithi ulio khatarini.

Katika hali hiyo haikuwezekana tena kumpiga ndovu kila alipokula mahindi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Sheria haimkatazi mtu kuiokoa roho yake, lakini pembe za mnyama aliyeuawa ni za Serikali, na mtu atatakiwa aeleze jinsi alivyomuua.

Sisi tunafahamu maana ya mali iliyo shambani mwako na ambayo mkono wa Serikali umo ndani yake. Kwa miaka mingi zao letu limenunuliwa na shirika la Serikali, na askari wamelinda bandari zetu dhidi ya magendo. Lakini iko tofauti moja kubwa: karafuu haiondoki usiku kwenda kula shamba la jirani. Ndovu ni mali ya umma yenye miguu na njaa, na anayemlisha si umma wote. Ni mkulima mmoja wa eka nne aliyeko njiani mwake.

NANI HASA NDIYE BWANA NYAMA

Jina ni moja lakini watu ni wengi, na mwanachama asipowapambanua hataelewa kwa nini mkulima hupata taabu ya kujua amwendee nani.

Ndani ya hifadhi za taifa kama ya Nyerere, wenye kazi ni askari wa TANAPA. Katika mapori ya akiba kama Selous, na katika maeneo mengi yaliyo nje ya hifadhi, wenye kazi ni askari wa TAWA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2016. Makao ya Halmashauri ya Wilaya yana Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye ndiye hukutana na mkulima kwanza. Misitu ina wakala wake, TFS. Na kijijini wapo askari wa wanyamapori wa kijiji, vijana waliochaguliwa na wenzao, ambao baadhi yao hufundishwa katika chuo cha Likuyu-Sekamaganga huko Namtumbo. Askari wa Serikali wengi hupitia chuo cha Pasiansi, Mwanza, kilichoanza 1966, na maafisa hupitia Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilichofunguliwa 1963. Siku hizi vyombo hivi vya Serikali Kuu vimepangwa kwa utaratibu wa kijeshi, vikiwa na vyeo, gwaride na nidhamu yake.

Ifahamike pia kwamba mambo haya si ya Muungano. Askari wa TAWA hana mamlaka Pemba wala Unguja. Kwetu wanyama na misitu viko chini ya idara yetu wenyewe ya misitu.

Mpango huu una maana kwa watu wa ofisini, lakini ndovu haujui. Usiku mmoja anaweza kutoka hifadhini, akapita pori la kijiji, akaingia shambani na kurudi. Ametoka mkononi mwa afisa mmoja akaingia kwa wa pili na wa tatu, na mkulima aliyesimama gizani hana haja na mipaka yao. Anataka mtu mmoja atakayekuja.

KAZI YENYEWE

Kazi ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kumlinda mnyama na mtu. Askari huenda doria kwa siku kadhaa, wakibeba unga, maji na bunduki. Husoma nyayo, huangalia kinyesi kama ni cha jana au cha leo, hung'oa mitego ya waya, hutafuta moshi wa kambi za wawindaji haramu. Wakimkamata mtu, lazima waandike walichokikuta, mahali na saa, kwani kesi isiyoandikwa vyema huanguka mahakamani. Hii ndiyo kazi inayosifiwa, na haina wepesi: askari hukutana na simba, nyati, malaria, na watu wenye silaha ambao hawako tayari kukamatwa.

Nusu ya pili ni kumlinda mtu na mnyama, na Nachingwea na Ruangwa hii ndiyo inayoonekana. Simu hupigwa saa nne za usiku: ndovu kumi wamo katika mahindi. Askari wenye gari wako mbali, na pengine njia ni ya mchanga au ya tope. Wakifika, hawapigi risasi ovyo. Ndovu aliyejeruhiwa gizani ni khatari kuliko ndovu kumi wenye shibe, na jike mwenye mtoto hurudi kwa hasira. Kazi ni kuwasukuma. Kwanza huangalia upepo unavuma kutoka wapi. Kisha humulika kwa kurunzi zenye mwangaza mkali, hupiga honi, hurusha fataki na yale yaitwayo mabomu baridi, ambayo hulia bila ya kuua. Na siku zote huacha upande mmoja wazi, ule wa kurudi porini.

Hapo ndipo mara nyingi mambo huharibika. Wanakijiji, kwa uchungu wao, hutoka kwa ngoma na madebe kutoka pande zote nne. Ndovu akizungukwa hana pa kukimbilia isipokuwa juu ya watu. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi ya Bwana Nyama siku hizi ni kufundisha: nani asimame wapi, nani ashike kurunzi, nani abaki na watoto ndani.

Ziko njia nyengine ambazo mkulima anaweza kuzitumia mwenyewe kabla askari hajafika. Pilipili kali husagwa, ikachanganywa na mafuta machafu ya gari, ikapakwa kwenye vitambaa na kamba zilizozungushwa shambani. Au huchanganywa na kinyesi cha ndovu, ikakaushwa kama matofali na kuchomwa usiku, na moshi wake ndovu haupendi. Huko Kenya watafiti waligundua kwamba ndovu humwogopa nyuki, hata mlio wake tu. Kwa hivyo wakulima hutundika mizinga kwenye waya kulizunguka shamba. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mwenye shamba hupata ulinzi na asali pia. Lakini mizinga yataka nyuki wakae ndani yake, na pilipili yataka ipakwe upya kila baada ya mvua.

Serikali kwa upande wake imetumia helikopta katika wilaya za kusini kuwarudisha ndovu hifadhini, na baadhi ya ndovu wamefungwa shingoni mikanda yenye mitambo ya kuonyesha mahali walipo. Helikopta hufanya kazi kubwa kwa siku chache, lakini ikisharuka kwenda zake, ile njia ya Liwale mpaka Ruvuma ingali pale pale, na ndovu anaikumbuka.

SIMBA NA NGURUWE

Watu wa Lindi wana adui mwengine aliyeua watu wengi, naye ni simba. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba baina ya 1990 na 2004 simba waliua watu 563 katika Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 300, na Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa yale yaliyoumia zaidi.

Wataalamu walitaka kujua kwa nini simba awafuate watu, na jambo moja walilolikuta linastahili kutiwa akilini na kila mkulima. Mashambani mna nguruwe mwitu wengi. Mkulima hulala dunguni wakati mazao yanapokomaa ili awafukuze. Porini paa na swala wamekwisha kwa kuwindwa, kwa hivyo simba humfuata nguruwe mpaka shambani, na hapo humkuta mtu amelala peke yake katika kibanda cha miti na majani. Watu wengi waliuawa katika miezi ya mavuno, baina ya Machi na Mei.

Kusini kama kwetu Waislamu ni wengi, nguruwe haliwi, na kwa sababu hiyo wawindaji wake ni wachache. Hapa visiwani tunawajua wasasi wanaotoka na mbwa wao kuwawinda nguruwe mashambani. Tuwaheshimu kwa kazi yao. Askari anaweza kumpiga simba mla watu baada ya msiba. Kumpunguza nguruwe, na kulijenga dungu refu na madhubuti, ndiko kunakouzuia msiba wenyewe.

KIFUTA JASHO NA KIFUTA MACHOZI

Wanachama wameuliza kama mkulima aliyeliwa mazao hulipwa. Hulipwa, lakini angalieni jina la malipo hayo. Hayaitwi fidia. Kwa mazao huitwa kifuta jasho, na kwa mtu aliyekufa huitwa kifuta machozi. Fidia hulingana na kilichopotea. Kifuta jasho ni kitambaa tu cha kujifutia uso.

Kanuni zilizotoka mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Kwa mazao ziliweka kuanzia shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa eka, kwa kufuata umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: aliye mbali zaidi alipata zaidi, kwa kuwa aliye karibu alihesabiwa kuwa amepanda akijua. Aliye ndani ya nusu kilomita hakupata kitu. Wala haikuhesabiwa zaidi ya eka tano.

Tupige hesabu. Mkulima aliyepoteza eka nane, na shamba lake liko kilomita mbili kutoka mpakani, alihesabiwa eka tano kwa shilingi 50,000, yaani shilingi 250,000. Eka tatu zilizobaki hazikuandikwa popote. Na ili apate hizo, ilimpasa apeleke khabari kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, bwana shamba aje akague, Afisa Wanyamapori wa Wilaya ajaze fomu, na fomu ziende Wizarani. Malipo yakichelewa mwaka, watoto wameshakula nini?

Hapa ndipo tunapoliona jambo kubwa la makala hii. Nusu mbili za kazi ya Bwana Nyama si kazi mbali mbali. Jangili hawezi kumpata ndovu bila ya mtu wa kijijini kumwonyesha njia, na askari naye hawezi kumpata jangili bila ya mtu wa kijijini kumpa khabari. Mtu huyo ni yule yule mkulima. Akiita usiku na askari akaja, akijaza fomu na malipo yakafika, basi siku ya kumwona mgeni mwenye bunduki atapiga simu. Akiita mara tatu na asijibiwe, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutamgharimu ndovu uhai. Idadi ya ndovu wa Selous inategemea sana namna mkulima wa Ruangwa anavyopokewa kwenye ofisi ya wilaya.

ASKARI ANAPOKOSEA

Haitakuwa haki kumsifu askari tu. Mwezi wa Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Baada ya mwezi mmoja ilisimamishwa, kwa sababu zilikuja khabari za watu kupigwa, kuteswa na kuuawa, na mifugo kuporwa. Kamati ya Bunge ilichunguza, na mwezi wa Disemba mawaziri wanne wakapoteza vyeo vyao. Ujangili ulikuwa wa kweli na ndovu walikuwa wakiisha kweli, lakini nguvu zisizo na mipaka ziliwafanya watu wasio na makosa wamwogope askari kuliko jangili. Khofu ya namna hiyo hukaa katika kijiji miaka mingi, na anayeilipa ni askari mwema anayekuja baadaye kuomba msaada.

YANAYOTUHUSU SISI

Mwanachama anaweza kusema: haya ni ya Lindi, sisi tuna tumbili tu. Lakini mizani ni ile ile.

Huko Unguja, karibu na Jozani, wakulima walilalamika kwamba kima punju wanamaliza nazi changa. Watafiti walihesabu, na mwaka 1999 wakatoa matokeo yaliyowashangaza wengi: minazi iliyoliwa nazi changa na kima haikuzaa kidogo kuliko mengine, kana kwamba mnazi unapopunguziwa vichanga huzilea vyema zilizobaki. Hata hivyo hasara ya mazao mengine ilikuwa ya kweli, na ukawekwa utaratibu wa kuwagawia wakulima na vijiji sehemu ya fedha za wageni. Hapa kwetu Pemba popo wetu mkubwa, ambaye hapatikani pengine duniani, alikaribia kwisha kwa kuwindwa. Vijiji kama Kidike vilipochukua ulinzi mikononi mwao, idadi ikapanda kutoka maelfu machache katika miaka ya 1990 mpaka karibu 20,000 walipohesabiwa mwaka 2007.

Mambo yote mawili yalifanikiwa kwa sababu watu walihesabu kwanza, na kwa sababu mwenye shamba alikuwa na sehemu yake. Kwa hivyo Halmashauri inawanasihi wanachama wafanye haya:

Kwanza, mnyama akiharibu miche ya mikarafuu au mazao mengine, andika siku ile ile: tarehe, mahali, idadi ya miche, na mnyama gani. Ukiweza, piga picha kwa simu. Peleka khabari kwa Sheha na kwa bwana misitu, nawe ubaki na nakala.

Pili, usitegeshe sumu wala waya. Sumu haichagui, mbuzi wa jirani na mtoto wake wamo khatarini.

Tatu, ofisa akija shambani, mpokee, umwonyeshe hasara yote, na umwulize jina na ofisi yake. Asipokuja, mwandikie Katibu wa Chama, nasi tutamfuata kwa barua. Mkulima mmoja akilalamika, barua yake huweza kulala mezani. Tawi zima likiandika, na hesabu zikiwemo ndani, hujibiwa.

Hayo ndiyo wanayoyataka wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Hawajaomba ndovu wote wauawe. Wanaomba wakiita waitikiwe, wakihesabiwa wahesabiwe kwa haki, na wanapomlisha mnyama wa umma, umma nao ukumbuke kuwalisha wao.

Kwa niaba ya Halmashauri,

KATIBU